Kocha Alipoingia Uwanjani

Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni mtu wa vitenge tu. Alikuwa na duka katika mtaa wa Asiatique, mlango mwembamba uliobanwa kati ya muuza vyombo na fundi wa saa, na mama alikuwa amenituma nichukue kitenge cha harusi ya shangazi. Nilimkuta nyuma ya meza yake, mwanamke mrefu mwenye ushungi wa kijivu na miwani iliyofungwa kamba shingoni, ameshika kitu cheupe juu ya mdomo wa birika lililokuwa likichemka. Alikuwa anakizungusha polepole kwenye mvuke kama mtu anayekausha kifaranga.

"Ngoja kidogo, binti," alisema bila kunitazama. "Hii kinyoya ikikauka inavunjika."

Nilingoja. Wateja wengine wawili nao walingoja. Sikuwa nimewahi kuona kinyoya cha badminton, kile kizibo kidogo chenye manyoya ya bata yaliyopangwa duara, ambacho wachezaji hukipiga kwa raketi kukivusha wavu. Alipomaliza alikirudisha kwenye bomba lake pamoja na wenzake, akakata kitenge, akakikunja vizuri, kisha akaniangalia miguu. Aliniangalia miguu kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazamana usoni.

"Simama ku vidole," akasema.

Nikasimama.

"Ruka."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Kidogo tu."

Nikaruka mbele ya wateja. Akanipa kitenge. "Kesho saa tisa, mu sale ya paroisse, kule Bwiza. Uambie mama yako ni mi nimekuita."

Nilikuwa bado msichana wa shule na sikuwa nimeomba chochote. Mama alishangaa zaidi yangu, lakini alimjua yule mwanamke kwa sifa za duka lake, akaniruhusu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mikono ya mtu ambaye mpaka leo, nikiwa na watoto wangu, nikisikia mtu anasema neno kocha, ninamwona yeye peke yake.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kanisa. Yeye alikuwa Mwislamu, wa zile familia za asili ya Oman ambazo zimekuwa na maduka mjini tangu zamani, na aliyempa ufunguo alikuwa padri. Sikuwahi kujua walikubalianaje. Nilichojua ni kwamba Jumapili jioni baada ya harusi za watu alikuwa wa kwanza kufika, amepiga magoti kwenye sakafu, anakwangua nta ya mishumaa kwa kisu cha mezani. Mistari ya uwanja aliichora mwenyewe kwa rangi ya nyumba. Ikifutika chini ya viatu vya wacheza ngoma, aliichora upya. Madirisha aliyaziba kwa maturubai ya plastiki kwa sababu mchana upepo hutoka ziwani na kupanda mjini, na kinyoya hakivumilii hata upepo wa mlango. Kwa hiyo tulicheza kwenye joto la tanuri. Wakati wa Ramadhani alitufundisha akiwa amefunga, midomo imekauka, na kila baada ya muda alituambia sisi Wakristo twende tukanywe maji.

Hakupiga kelele hata siku moja. Makocha wa mpira wa miguu tuliwasikia kutoka barabara ya tatu, lakini yeye, kadiri alivyokasirika, ndivyo sauti yake ilivyoshuka, mpaka ukalazimika kumsogelea ili usikie unavyokosolewa. Ukiwa umekosea sana, alinong'ona. Tuliogopa mnong'ono wake kuliko kipigo.

"Usinionyeshe nguvu," alikuwa akisema. "Nionyeshe umesimama wapi."

Miezi yangu mitatu ya kwanza sikushika raketi. Nilitembea uwanjani. Mbele kulia, rudi katikati. Nyuma kushoto, rudi katikati. Aliketi kwenye benchi la kanisa akishona pindo za vitenge vya wateja, hainui kichwa, na bado alijua nimekosea hatua. Mara moja nilimjaribu. Niliruka kona moja makusudi, kimya kimya, huku yeye akiuma uzi kwa meno.

"We Diane," akasema. "Ile kona imekukosea nini?"

Sifa hakuwa nazo. Neno lake la juu kabisa lilikuwa "Bon," na alilitoa kama mtu anayetoa jino. Zuhura, mchezaji wetu bora, binti wa Buyenzi mwenye mkono mwepesi ambao sijauona tena, alilipata labda mara tano katika miaka yote. Mimi nililipata mara mbili.

Lakini msidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye karata alikuwa mwizi. Siku za Idi alitualika nyumbani kwake Gihosha, tukala pilau mpaka tukashindwa kuinuka, kisha akacheza karata na wifi zake, na mwanamke huyu aliyekuwa akimtoa mchezaji uwanjani kwa kudanganya kwamba kinyoya kimetua nje ya mstari, alificha karata chini ya paja bila aibu yoyote. Wifi zake walijua. Walimwinua, wakaichukua karata, wakaendelea. Alituhubiria uvumilivu, lakini aliendesha gari kama mtu anayefukuzwa. Kushuka naye kutoka Gihosha tukiwa wanne kiti cha nyuma kulimfanya Ange asali rozari nzima. Alitukataza soda, na kwenye droo ya duka, chini ya vibiringo vya uzi, tuliona chupa zake za soda.

Ange huyo ndiye aliyekuwa mwenzangu katika mchezo wa wawili. Kwao ni Carama, wana mashamba pembeni ya mtaa, na mwaka mmoja baba yake aliamua kwamba binti aliyemaliza shule ana kazi nyingi kuliko kurukaruka na raketi. Ange akaacha kuja. Tulidhani Kocha atakwenda kugombana na yule mzee. Alikwenda kweli, nami nilimsindikiza. Alifika asubuhi, akasalimia, akaketi uani na mama yake Ange, wakaanza kuambua maharage. Waliambua asubuhi yote. Wakala. Wakarudi kwenye maharage. Badminton haikutajwa. Baba alipita, akapita tena, akakohoa. Mwishoni alivuta kiti.

"Mama, we umekuja kutafuta nini hapa?"

"Nimekuja kusalimia," Kocha akajibu. "Na nimeona mutoto wenu. Amelelewa vizuri. Mi niko na wasichana mingi, lakini kama huyu, apana."

Yule mzee aliangalia maharage kwenye beseni, kisha akamwangalia binti yake. Wiki iliyofuata Ange alikuwa ukumbini. Nilimwuliza Kocha alijuaje kwamba atakubali. Akasema hakujua, alikuwa amejiandaa kuambua maharage hata wiki nzima.

Sasa nieleze lile la michezo ya kanda, maana ndilo ambalo watu wa Bwiza waliokuwepo wananiuliza mpaka leo.

Mwaka huo michezo ililetwa Bujumbura. Nchi jirani zilituma riadha, voliboli, judo, na badminton nayo ikapewa nafasi yake. Kwa mara ya kwanza tulicheza kwenye ukumbi wa kweli, wenye dari refu na taa zisizo na kivuli. Mashindano ya timu za wanawake yalikuwa na mechi tatu: mbili za mmoja kwa mmoja, na ya mwisho ya wawili kwa wawili, na mchezaji haruhusiwi kucheza zaidi ya mechi moja. Kwa hiyo ulihitaji wanne, na wa akiba. Wa akiba wetu alipata mtihani wa chuo wiki hiyo hiyo. Siku ya kuandikisha majina Kocha aliuliza kama kanuni zinamkataza kocha kuwa mchezaji wa akiba. Hazikumkataza. Akajiandikisha. Tulicheka wote, naye pia alicheka kidogo. Alikuwa na umri wa kuwa bibi, na kweli alikuwa bibi.

Tulifika mbali kuliko timu yoyote ya kwetu kabla yetu. Tulipoteza nusu fainali, ikabaki mechi ya medali ya shaba, dhidi ya Waganda. Nchi yetu haikuwa na medali ya badminton ya aina yoyote. Watu walijaa. Padri alikuja. Wifi zake wa Gihosha walikuja na chupa za chai. Baba yake Ange alikuja na suti.

Zuhura alishinda mechi yake. Mwenzetu wa pili alishindwa. Ikabaki sisi, mimi na Ange. Tulikuwa tunapasha misuli pembeni, Ange akarudi nyuma kufuata kinyoya kilichokwenda juu, akakanyaga ukingo wa zulia la uwanja. Nilisikia kifundo chake kabla sijamsikia yeye. Alipojaribu kusimama, alianguka tena mikononi mwangu.

Mwamuzi alikuja akauliza kama tuna mchezaji wa akiba. La sivyo, mechi imekwisha.

Kocha alikuwa amepiga magoti anafunga kifundo cha Ange kwa bandeji. Alimaliza kufunga. Akabana mwisho wa bandeji kwa pini aliyoitoa kwenye ushungi wake. Kisha akamwambia mwamuzi, kwa sauti ile ile ya dukani, "Niko. Jina yangu iko pale."

"Kocha," nikamwambia, "hawa wasichana watatuua."

"Pengine. We utakimbia, mi nitasimama. Yote ya nyuma ni yako. Ya mbele usiguse hata ikikupita ku pua. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi chukua maji."

Aliingia na suruali yake ya mazoezi, fulana ya mikono mirefu, ushungi umekazwa, miwani imefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa. Raketi aliichukua ya Ange. Mahali fulani juu watu wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Waganda wale wawili, wasichana wenye miguu kama ya swala, walitazamana. Mmoja alikuwa mrefu, nywele zimesukwa nyuma. Alimwinamia Kocha kidogo, kwa heshima, na Kocha akamwinamia.

Miaka yote ile sikuwa nimemwona akicheza. Alitupigia vinyoya, alituelekeza mkono, lakini kucheza mechi, hapana. Sikujua nilikuwa nasimama nyuma ya mtu wa aina gani.

Hakukimbia hata hatua moja. Alisimama karibu na wavu, magoti yamekunjwa kidogo, raketi juu mbele ya kifua, na kila kinyoya kilichopita kwake kilikuta raketi imeshafika. Hakupiga kwa nguvu. Alikigusa. Kilianguka upande wao kama kitu kilichochoka. Walipiga smashi, lile pigo kali la kushuka, kumlenga mwilini, kama yeyote angefanya, na yeye akaweka raketi tumboni kama anajifunika na khanga, kinyoya kikarudi kilikotoka na wao wakiwa bado angani. Mimi nilikimbia nyuma yake kushoto na kulia, na kwa mara ya kwanza nilielewa ile miezi mitatu bila raketi, kwa sababu sikuhitaji kufikiri miguu yangu iko wapi. Alikuwa akinong'ona bila kugeuka. "Kushoto. Bado. Sasa." Nilipiga aliponiambia sasa, na kila mara uwanja wao ulikuwa wazi mahali nilipopiga.

Seti ya kwanza tulishinda. Sikuamini ubao. Nikatazama jukwaani, Ange amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia bega la baba yake.

Seti ya pili walituchukulia. Walikuwa vijana na walikuwa wameacha kucheka. Ya tatu ilikwenda bega kwa bega. Fulana ya Kocha ilikuwa imelowa mgongo mzima, na kati ya pointi alikuwa anashika wavu kwa vidole viwili, kidogo tu, kama mtu anayepima kitambaa. Nilimwuliza kama anaweza. Akanionyesha mahali pangu kwa raketi.

Kilichotumaliza kilikuwa ni servisi ya yule mrefu. Alianzisha kwa mkono wa nyuma, raketi karibu na kiuno, mwendo ule ule, uso ule ule, na huwezi kujua kama kinyoya kitakuja kifupi kudondoka mbele ya wavu au kitaruka juu ya kichwa chako mpaka nyuma. Kocha alisogea mbele, kikapita juu. Mara nyingine alibaki, kikadondoka miguuni pake. Nilimwona akiutazama ule mkono kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumwona akitazama kitu. Tulikuwa sawa kwa pointi, zimebaki mbili. Yule msichana akanianzishia mimi, nikachagua vibaya. Akaanzisha tena, safari hii kwa Kocha. Kocha akachagua, akanyoosha mkono wake wote, na kinyoya kikapita juu ya raketi yake kwa upana wa kidole, kikaanguka ndani ya mstari.

Mwamuzi wa mstari alikuwa na shaka. Alimtazama mwamuzi mkuu. Kocha alionyesha chini kwa raketi. "Ndani," akasema.

Basi, tukapoteza.

Nilikaa chini palepale nikalia. Zuhura alikuwa analia. Ukumbi wote ulikuwa umesimama unapiga makofi, na wifi zake walikuwa wanapiga vigelegele kana kwamba tumeshinda. Nilipoinua kichwa kumtafuta Kocha, hakuwa upande wetu. Alikuwa amepita chini ya wavu. Alikuwa amesimama mbele ya yule msichana mrefu, anahema kwa kinywa, anamrudishia kinyoya.

"Mwanangu," nikamsikia, "ile servisi. Nionyeshe tena."

Msichana alidhani hakusikia vizuri. "Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi. Polepole."

Akamwonyesha. Kocha akajaribu, kikagonga wavu. Msichana akamshika kiwiko, akakishusha. Kocha akajaribu tena. Watu walikuwa wanashuka kwenye jukwaa, vijana wa kazi walikuwa wameanza kukunja viti, na wale wawili walikuwa pale, mmoja atakuwa na medali shingoni muda si mrefu, mwingine ana ushungi uliolowa jasho, wanapelekeana kile kinyoya.

Zuhura alishindwa kuvumilia. Alimwendea mpaka kwenye wavu. "Kocha, sisi tunalia hapa, na we uko unajifunza?"

Kocha alimgeukia. Sijui nilitegemea nini, labda mnong'ono. Aliongea kawaida, hata kwa upole.

"Mutalia ku nyumba, Zuhura. Huyu dada anarudia kwao kesho." Akamwonyesha kwa kidevu. "Kuja hapa. Angalia vile anashika."

Zuhura alisimama pale akiwa na kamasi. Kisha akapanguza pua kwa mkono wa fulana, akainama, akapita chini ya wavu. Nikamfuata. Mwisho wake tulikuwa wote upande wa Waganda, Ange ameletewa kiti, tunafundishwa na msichana aliyetuchukulia medali. Walizima taa za pembeni ndipo tukatoka.

Hiyo servisi sasa inafundishwa Bwiza. Wasichana wanaocheza leo wanadhani ilizaliwa pale.

Niliolewa, nikahamia Gitega, nikapata kazi ya kufundisha. Nilimpigia simu siku za Idi, naye aliniuliza mambo ya watoto na kukata kabla sijamaliza kuaga, kama kawaida yake. Duka alimwachia mpwa wake. Ukumbi alimwachia Zuhura. Mwaka jana nilishuka Bujumbura kwa shughuli za shule, nikapita dukani kumwulizia, mpwa wake akacheka. "Shangazi? Huwezi kumupata ku nyumba. Yuko ku piscine."

Nilidhani amekwenda kunywa chai na mtu kando ya bwawa la kuogelea la hoteli. Nikaenda kwenye ile hoteli karibu na ziwa, nikazunguka mpaka nyuma.

Alikuwa ndani ya maji. Amevaa vazi refu jeusi linalofunika mpaka kwenye vifundo na kofia ya mpira iliyombana masikio, na alikuwa ameng'ang'ania ukuta wa bwawa kwa mikono miwili. Upande wa kina kifupi watoto wadogo walikuwa wanarukaruka na kumrushia maji usoni. Mbele yake alisimama mwalimu wa kuogelea, msichana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu.

"Mama, unashika pumzi," msichana alikuwa anamwambia. "Usishike. Itoe mu maji, kidogo kidogo."

"Sawa, mwalimu," Kocha akajibu.

Akajaribu. Akazama, akaibuka anakohoa, kofia imeenda upande, macho mekundu. Mtoto mmoja akacheka. Msichana akamrekebisha kofia. Ndipo Kocha aliponiona.

"Diane," akasema, akipata pumzi. "Kaa pale. Usinisemeshe."

Nikakaa kwenye ukingo. Alipopumzika alinisogelea akipitia ukutani, mkono mmoja baada ya mwingine. Uso wake ulikuwa umezeeka. Hata aliponifikia hakuachia ukingo kwa mkono wowote.

"Kocha, unaogopa?"

"Sana," akasema. "Kila siku nikitoka ku nyumba naogopa."

"Sasa unakuja ju ya nini?"

Alipangusa maji machoni. "Mujukuu wangu wa Ruziba anaogelea kama samaki. Kila tukienda, yeye anaingia mu ziwa, mi nabaki ku muchanga nashika viatu. Nimechoka kushika viatu."

"Umeanza lini?"

"Kitambo. Sijaweza bado." Alilisema hilo bila aibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mwalimu anasema niko muzito wa kuelewa. Ni kweli."

Msichana alimwita. Kocha akageuka mara moja, kama mwanafunzi aliyesikia kengele, akarudi kando ya ukuta mpaka mahali pake. Mwalimu alirudi nyuma hatua chache majini, akanyoosha mikono, akamwambia safari hii hatamshika mpaka afike. Wale watoto waliacha kurukaruka. Hata mhudumu aliyekuwa anapita na sinia alisimama.

Niliona midomo yake ikisoma bismillah. Akavuta pumzi, akauweka uso wake ndani ya maji, akaachia ukuta.